Kalamu Iliyopotea Mazikoni

Nilikuwa nikiwaandikia barua wakata miwa wa Ramisi, na kalamu yangu ya wino sikumwazima mtu, hata mke wangu. Siku tulipomzika jirani yetu, nilimpa shemeji yangu Bakari koti anishikie, nikashuka kaburini kumpokea maiti. Nilipopanda, nikapapasa mfuko wa koti alilolishika: kalamu hamna.

"Bakari, nirudishie kalamu yangu!"

"Wallahi sikuigusa, shemeji."

Sikumsikia. Nilimpekua kanzu mbele ya watu wangali na mchanga mikononi, mpumbavu mie. Aliniacha hata nikamaliza.

"Sasa vua kofia, shemeji," akasema. "Wino unakutiririka shavuni."

Nilikuwa nimeichomeka kofiani mwenyewe kabla ya kumpa koti, nisimwachie mtu.

Bakari alinirudishia koti. Mkono hakunipa.