Mtandio Mweupe wa Bibi

Usiku ule nililala nimeacha filamu mbili mezani, sijaamua nitumie ipi. Asubuhi Bibi angekaa mbele ya kamera kwa mara ya kwanza tangu mwanawe, marehemu Mjomba Shabani, alipompiga ile picha ya Idi. Katika picha hiyo mtandio mweupe uling'aa kichwani, na chini yake, mahali pa uso, pakawa peusi pi. Ndugu waliicheka. Tangu hapo Bibi alikataa kamera, mpaka juzi aliponiambia, "Nitakaa mara moja tu. Ukiharibu, mtanizika bila sura."

Mjomba alisimama mlangoni, koti lake la studio limefungwa vifungo mpaka shingoni.

"Shikamoo, Mjomba."

Hakuitikia. Alinipita kama mtu anavyopita kiti. Nikamfuata, na hatukuwa tena chumbani kwangu. Tuko katika chumba chake cha giza kule Kondoa, harufu ya siki inachoma pua. Filamu zangu ziko mkononi mwake. Ya kwanza ni ya kasi, aliyoipenda yeye. Inanasa hata mwanga hafifu, lakini chembe zake ni kama unga wa dona, na skana huzianika zote. Ya pili ni ya taratibu, chembe zake laini. Hiyo anaitupa chini. Kisha anainua chupa yangu ya dawa ya kusafishia filamu, anainusa.

"Hii dawa au maji ya kunawia?"

"Nimeizimua, Mjomba. Sichapi kwenye karatasi, naisoma filamu kwa skana. Ikiiva sana, ule mtandio unakuwa ukuta mweusi kwenye negativi, ambako cheupe hutoka cheusi. Mwanga wa skana haupenyi."

"Filamu isiyoiva ni uji wa mgonjwa."

"Uji nitaukoleza kwenye kompyuta. Ukuta siwezi kuubomoa."

"Kompyuta!" Anatema mate sakafuni. "Nusu ya mji huu imeoana kwa picha zangu, leo mtoto wa dada yangu ananifundisha kupika?"

"Na uso wa mama yako je?"

Taa nyekundu inazimika. Tuko sebuleni, siku ya Idi. Ndugu wamekaa wametupa mgongo, mabega yanawacheza kwa kicheko. Picha ya Bibi iko ukutani, kubwa kama mlango, na Mjomba amesimama mbele yake akitanua koti ili kuifunika. Koti halitoshi.

"Kosa ni la mtandio," anasema. "Mweupe mno, na yeye mweusi mno. Hakuna filamu inayobeba vyote viwili."

"Ipo. Nitapimia mwanga usoni, nisiiivishe sana."

Ananikamata kifundo cha mkono. Vidole vyake vina ubaridi wa maji ya kuoshea filamu.

"Mwambie mama avue mtandio. Mwambie nimekutuma mimi. Asipovua, nitakaa mwenyewe kwenye hiyo filamu yako, na uso wake hamtauona."

Nikavuta mkono. Akakaza. Nikavuta tena, nikaamka.

Mkono ulikuwa umekufa ganzi. Kumekwisha kucha, na Bibi ameshaketi uani, mtandio umepigwa pasi. Ujumbe wa marehemu haukaliwi. Nikamfikishia kama ulivyo, pamoja na kile kitisho.

Alinisikiliza akitazama mbele. Kisha akaukaza mtandio chini ya kidevu.

"Shikamoo yako aliitikia?"

"Hakuitikia, Bibi."

"Basi ndiye. Wafu hawaitikii salamu." Akanyoosha mgongo. "Akirudi, mwambie sivui. Nilimzaa nikiwa na rangi hii hii. Filamu ndiyo inizoee mimi."

Nikatia ile ya taratibu kwenye kamera, nikasogeza kipima mwanga mpaka kikagusa shavu lake.