Walikuja Kumlilia Mume Wangu Akiwa Mezani

Haijanitoka kichwani, mwanangu, Jumapili ile mume wangu alipokuta mabenchi ya matanga uani kwake, naye yu hai na mdomo umejaa sombe, yale majani ya muhogo.

Kwanza ujue anayekuambia ni nani. Nilipoondoka Butembo kwenda kusoma Kampala, binamu zangu walisema sitamaliza hata mwaka. Kiingereza kitanishinda, walisema, nitarudi na mimba. Nilirudi na diploma ya maabara. Nikafungua maabara yangu hapa mtaani Bulengera, chumba kimoja, baadaye viwili, na darubini niliyoinunua kwa jasho langu mwenyewe. Binamu hao hao leo wanapanga foleni mlangoni kwangu wakiwa na vichupa vya mkojo. Sisemi kwa kujivuna. Haya, labda kidogo.

Wakati huo nilikuwa sijafika miaka hamsini, na kwangu huo bado ni ujana. Mume wangu Paluku, anayeuza mbao na ambaye majirani humwita Baba Masika kwa jina la binti yetu wa kwanza, alianza kwenda chooni kila mara, na akienda anakawia. Nilimtoa damu mwenyewe, nikaipeleka kwa wenzangu wenye mashine kubwa. Karatasi ikarudi: kipimo cha tezi dume kimepanda.

Kipimo hicho hupanda kwa sababu nyingi. Tezi inaweza kuwa imekua tu kwa umri, au ina uambukizo. Saratani ni sababu moja kati ya hizo. Hayo niliyajua vizuri siku ile ile, na mteja yeyote ningemweleza kwa sauti ya upole. Lakini huyu hakuwa mteja. Nilishindwa kukaa. Nilifagia ua ambao ulikuwa umekwisha fagiwa, nikapanga chupa za maabara, nikazipangua. Daktari alisema lazima vikatwe vipande vidogo vya tezi vikachunguzwe, na mpasuaji wa kazi hiyo angekuwa mjini Beni kwa wiki moja tu, mwisho wa mwezi. Kabla ya hapo, alisema, hakuna anayeweza kusema lolote.

Mimi nikasema. Alhamisi, kwenye shirika letu, pale majirani tunapokutana kusali nyumba kwa nyumba, muda wa kutoa nia ulipofika nilisimama. "Tumuombee Baba Masika. Iko na kansa ya tezi dume." Na kwa kuwa nina diploma, niliwaeleza tezi hiyo iko wapi na inafanya kazi gani. Nilitumia hata mikono. Watu walitazama chini. Nilidhani wanasali.

Jumapili, baada ya misa, wakaja. Kina mama walibeba kuni na maharage, wanaume walibeba mabenchi, wakayapanga uani kama tunavyopanga kwenye msiba. Paluku alikuwa mezani. Akatoka akitafuna.

"Nani alikufa?"

Mzee mmoja jirani akavua kofia. "Hapana mutu alikufa, Baba Masika. Tulikuya tu kukuona mbele."

"Mbele? Kabla ya nini?"

Mzee akakunja kofia yake. Kisha muuza samaki mmoja, mama asiyejua kunong'ona, akamwambia mwenzake: "Mais, kumbe iko anakula vizuri!"

Paluku alicheka pamoja nao. Aliwashukuru mmoja mmoja, akawasindikiza mpaka barabarani. Aliporudi alinawa mikono na kuniambia maneno mawili tu: "Beni siendi."

Nilimsihi, nikalia, nikamsomea kurasa za vitabu vyangu. Siku zilikuwa zinakwisha. Mpasuaji angeondoka Beni, na kama kweli ilikuwa saratani ingebaki ikikua mwilini mwake huku sisi tumenuniana. 

Ndipo mama yake akafika kutoka Lubero na gunia la viazi. Nilifurahi, nikijua atamlazimisha mwanawe. Nilimweleza yote tukiwa jikoni. Aliendelea kumenya viazi.

"Ulimuuliza iko anaogopa nini?"

"Mama, anaogopa kansa. Nani hapana kuiogopa?"

"Mi sikuuliza weye unawaza nini, Mama Masika. Uliambia quartier muzima, mutaa yote. Mutu mwenyewe, ulimuuliza?"

Nikaokota kiazi kimoja. Akanisukumia kisu. "Diploma yako iko muzuri. Sasa kaa, menya, unyamaze. Kisha uende kwake vile vile, na mudomo ya kufunga."

Nilimkuta Paluku kwenye mbao zake. Nikamuuliza, nikanyamaza. Kunyamaza kuliniwasha mwili mzima. Alipima ubao mmoja mara tatu kabla ya kujibu.

"Ni barabara."

"Barabara?"

"Mukojo, Mama Masika. Siwezi kuibana mpaka Beni. Nitamuambia dereva asimame mara ngapi, na batu bote banajua sababu? Na nikijikojolea ndani ya gari?"

Wiki tatu mimi nilikuwa nikiwaza kaburi, naye alikuwa akiwaza suruali yake.

Asubuhi iliyofuata tulipanda gari, watu tumebanana. Hatujafika hata kijiji cha Maboya, nikaona goti lake linatetemeka. Nikapaza sauti: "Chauffeur, simama! Nimebanwa!"

"Mama, hapa hatusimamake."

"Basi utafua kiti."

Alisimama. Nilishuka, Paluku akanifuata kama mume anayemlinda mke wake, akamaliza haja yake majanini. Mara ya pili, kijana wa nyuma akauliza kama nimekunywa mto Kimemi wote. Mara ya tatu dereva alitukana kwa Lingala. Mara ya nne mama mmoja akanitambua.

"Si weye ule wa maabara ya Bulengera? Docteur, ujipime basi!"

Gari zima likacheka. Mimi, niliyewanyamazisha binamu zangu wote, nilikaa nikichekwa, masikio yakiwaka moto. Paluku alitazama dirishani. Kisha mkono wake ukaushika wangu, akaubana mpaka vidole vikauma, na hakuuachia mpaka Beni.

Vipande vilikatwa. Majibu yalichukua wiki nyingi. Saratani haikuonekana, ila kuna seli ambazo daktari hakuzipenda, kwa hiyo turudi. Tumerudi mara nyingi tangu hapo. Mpaka leo hawajatuambia ndiyo wala hapana, na kila karatasi mpya ikikaribia mimi hufagia ua mara mbili. Kutulia sikujaliwa. Lakini yeye anakwenda, na hilo ndilo nililotaka.

Basi, mwanangu, ukiolewa, ugonjwa wa mumeo ni wake kabla ya kuwa wako. Usiupe jina ambalo daktari hajaupa, na usiupeleke kwa watu, hata wa kusali, kabla yeye hajakuruhusu. Muulize anachoogopa, kisha unyamaze mpaka ajibu, hata jibu likionekana kwako dogo. Na kama kuna aibu unayoweza kuibeba badala yake, ibebe, wala usimdai shukrani.

Mungu akupe mwenzi wa kuzeeka naye. Siku karatasi itakapokuja isiyosema kitu, akupe masikio ya kusikiliza na uso mgumu wa kuchekwa.