Mwizi wa Watoto Aliyepigwa Kangeta

Saa moja asubuhi, na manyunyu bado hayajaamua kuondoka Embu. Ndani ya bucha ndogo pembeni mwa mtaa wa Dallas, Sulemani Njuki anakata mbavu za mbuzi kwa mkono wa kushoto. Mkono wa kulia ameuegemeza tu juu ya nyama, kwa sababu haupandi tena kupita kiuno.

Kundi la watoto wa shule linasimama mlangoni. "Baba Mwanamisi, fanya ile sauti," anaomba mmoja. Sulemani anaweka panga chini, anajifuta mikono kwa aproni, kisha anatoa mngurumo unaotetemesha kioo cha kabati la nyama. Watoto wanatimka huku wakicheka hadi barabarani.

"Hawa wananijua," anasema, akirudi kwenye gogo lake. "Wale wa Kangeta hawakuwa wananijua."

Ni sauti hiyo iliyompeleka jukwaani. Mwalimu Kaari, mama aliyestaafu ualimu na aliyekuwa mteja wake wa matumbo, alimkuta siku moja akiwasimulia wateja ugomvi wa majirani wawili, akiigiza mume, mke na mbwa. Alisahau hata alichokuja kununua.

"Nilimuuliza kama anaweza kuniachia Jumatano moja moja," anakumbuka Kaari. "Watoto wetu wa msingi wanasoma habari ya michezo ya kuigiza kwa kitabu. Ukimuuliza kama ameona mmoja, anakwambia aliona kwa simu ya mjomba."

Hivyo ndivyo kikundi kilivyoanza: Kaari mwenyewe, Sulemani, na Wawira, msusi mwenye umbo dogo ambaye akivaa sare ya shule huwezi kumtofautisha na mtoto wa darasa la tano. Hawatozi shule chochote. Mafuta ya gari hutoka kwenye pensheni ya Kaari, na siku ambayo Sulemani hayupo, bucha hubaki mikononi mwa mkewe, Rahema, ambaye hakuwahi kuuelewa mpango huo.

"Nilikuwa namuuliza, unafunga safari mpaka Igembe kuwatisha watoto wa watu, halafu unarudi bila hata shilingi?" anasema Rahema. "Ananiambia, wewe hujaona vile wanafungua macho."

Mchezo uliopendwa zaidi ulikuwa wa mtu mwenye gunia. Sulemani, akiwa na koti refu na ndevu za manyoya ya mbuzi, humnasa msichana aliyetumwa dukani. Kabla ya kunaswa, Wawira huwafundisha watoto wanaotazama: mkiona mgeni amemshika mtoto kwa nguvu, msinyamaze. Pigeni nduru, kimbieni, mkaite watu wakubwa.

Walikuwa wameucheza mara nyingi, Embu hadi Nkubu, bila tatizo. Kisha, miaka miwili iliyopita, wakaalikwa na shule moja karibu na soko la Kangeta, huko Igembe, Meru.

Ambacho hawakujua ni kwamba wiki hiyo mtoto mmoja alikuwa hajaonekana kwao, na soko zima lilikuwa likizungumzia gari jeupe linalozoa watoto. Gari la Kaari ni jeupe.

Jukwaa lilikuwa uwanja wa shule, upande usio na ua. Wakubwa walikaa mbele. Wale wadogo wa gredi ya pili walichelewa kuletwa, wakaketi nyuma wakati mchezo umeshashika moto. Hawakumwona Sulemani akitambulishwa; walimkuta Wawira akifundisha namna ya kupiga nduru. Kisha walichoona ni mwanamume mwenye ndevu akimfunika msichana gunia.

Wakafanya hasa walichokuwa wametoka kufundishwa. Wakapiga nduru na kukimbia sokoni.

"Mimi nilifurahi," anasema Sulemani, na hapa sauti yake inashuka. "Nilidhani tumewashika kweli kweli. Nikaongeza kunguruma. Nikambeba Wawira begani nikazunguka naye uwanja, ili wazidi kupiga kelele."

Hivyo ndivyo walivyomkuta wanaume wa sokoni walipofika: anacheka, na msichana mwenye sare yumo guniani begani kwake.

Jiwe la kwanza alidhani ni utundu wa mwanafunzi. La pili lilimng'oa meno mawili. Aliitikia kwa kumtua Wawira polepole, asimwumize, na alipoinua uso akaona rungu likishuka. Akakinga kwa mkono wa kulia.

Kaari na walimu walijitupa katikati wakipaza sauti kwamba ni mchezo, ni mchezo tu. Hakuna aliyesikia. Mwalimu mmoja alisukumwa akaanguka. Kijana mmoja alikuwa tayari ameinamisha pikipiki yake, anakinga petroli kwa chupa ya soda.

"Niliisikia harufu," anasema Sulemani. "Ni vile ndevu zilikuwa zimenifunika macho, lakini harufu niliijua. Nikaanza shahada. Sikuwa naigiza tena."

Wakati huo Wawira alikuwa mbali naye. Wanawake wa sokoni walikuwa wamemnyanyua na kumkimbiza hadi kibanda cha miraa, wakimfariji kama mtoto aliyeokolewa. Alijitahidi kuwaeleza kwamba yeye ni mtu mzima. Alisema kwa Kiswahili, akarudia kwa Kiembu, na lafudhi hiyo ya ugenini ikawathibitishia kwamba ameibwa kutoka mbali na kuleweshwa dawa.

"Kadiri nilivyosema yule ni mwenzangu, ndivyo walivyonishika zaidi," anasema Wawira. "Mmoja alikuwa analia. Ananiambia, tulia mtoto wangu, wanamaliza sasa hivi. Wanamaliza. Nilielewa maana yake."

Aliyekuwa amempakata ni Kathure, muuzaji miraa. Alipombana kifuani, Kathure alihisi kitu chenye unyevu na vuguvugu. Akamsogeza nyuma kidogo, akatazama sweta ya shule. Ilikuwa imelowa maziwa.

Wawira alikuwa amemwacha mwanawe mchanga Embu tangu kabla ya jua kuchomoza.

"Nilimuuliza, unanyonyesha?" anasimulia Kathure. "Akaitikia kwa kichwa tu. Nikajua tunaua mtu ambaye hana hatia."

Kathure si mwanamke wa kukimbia, lakini siku hiyo alikimbia. Alipasua umati, akamlalia Sulemani mwilini, akawaambia wale wanaume kwa Kimeru kwamba huyo mtoto wanayemtetea ni mama wa mtoto. Nyuma yake wanawake wenzake walimleta Wawira, sweta imelowa, mbele ya macho ya kila mtu.

Kijana wa pikipiki aliimwaga petroli chini, mbali na miguu ya Sulemani. Hakuna aliyemwangalia mwenzake.

Sulemani alilazwa hospitali ya Maua, mkono umevunjika mahali pawili. Polisi walipokuja kumwuliza ni nani aliyempiga, aliwajibu, "Wote." Zaidi ya hapo hakusema. Yule mtoto aliyepotea, ilikuja kujulikana, alikuwa ameenda kwa nyanya yake bila kuaga.

Sulemani aliporudi Embu, aliapa kwamba hatavaa tena lile koti. Kaari hakumlaumu, alisimamisha kila kitu. Mikusanyiko ya watu ilimshinda Sulemani. Msikitini siku ya Ijumaa alisimama safu ya mwisho, karibu na mlango. Sauti ya pikipiki ikiwashwa ghafla ilimfanya aache nyama na kuingia ndani.

Kisha, mwaka jana, mwanamume mmoja aliingia buchani, akasubiri wateja waishe. Alijitambulisha kwa jina la Kinoti, kutoka Kangeta. Akautazama ule mkono, akasema, "Mimi ndiye mwenye rungu."

Rahema, aliyekuwa kwenye kaunta, aliliondoa panga juu ya gogo na kulishika.

"Sikuja kuomba msamaha, kwa sababu sijui naanzia wapi," Kinoti alimwambia Sulemani. "Nina msichana. Ndiye alikuwa wa kwanza kutuita siku ile. Tangu hapo shuleni hasemi. Anaamini alituita tukaua mtu. Nimemwambia uko hai, haniamini. Nakuomba uje akuone."

Rahema ndiye aliyejibu. "Akienda, tunaenda wote. Na wewe utakaa mahali nitakuona."

Walikwenda hadi ile shule ya Kangeta, pamoja na Kaari na Wawira. Mtoto huyo alisimama mbele ya Sulemani akamkagua kutoka viatu hadi kofia. Kisha akagusa mkono uliopinda, kwa kidole kimoja.

"Unauma?"

"Kukiwa na baridi."

"Ni mimi niliwaita."

"Ulifanya vile tulikufundisha," Sulemani alimwambia. "Mimi ningekuwa mwizi kweli, ungekuwa umeokoa mtu. Makosa yalikuwa yetu sisi wakubwa."

Msichana akauliza gunia liko wapi.

Sulemani hakuwa amepanga kuigiza. Lakini Kaari alikuwa nalo garini, pamoja na lile koti. Sulemani alilivaa mbele ya watoto, mkono mmoja baada ya mwingine, Wawira akimsaidia upande wa kulia. Akabandika ndevu. Kila hatua aliwauliza, "Mimi ni nani?" na shule nzima ikamjibu, "Sulemani." Ndipo akanguruma. Binti wa Kinoti alimshika babake mguu, akafumba macho, akayafumbua. Hakukimbia.

Tangu siku hiyo kikundi kimeanza upya, na mchezo huanza hivyo: watoto wote, hadi wa mwisho, humwona akigeuka kuwa mwizi.

Bado hajatosheka. Anasema watoto wa Kangeta sasa wanajua mchezo ni nini, ila wazazi wao hawajawahi kuonyeshwa. Mwezi ujao, pale pale sokoni, pikapu za miraa zikishaondoka, atawachezea wao. Kathure ameahidi kuwatafutia nafasi kati ya vibanda, na Rahema amesema atakaa mstari wa mbele kabisa.

"Nataka wale wanaume waniogope," anasema Sulemani, akifunga nusu kilo ya nyama kwa mkono mmoja na meno. "Waniogope kabisa. Halafu wanipigie makofi."