Kidole cha Ami Yangu

Bega langu la kulia halinyanyuki kupita usawa wa kidevu. Nikivaa kanzu naanza na mkono huo, na mke wangu hunivutia shingoni kama anayemvisha mtoto. Ofisini Al Khuwair, huku Uarabuni, ninakoendesha gari la wakubwa, wanadhani nilipata ajali ya barabarani. Sijawahi kuwasahihisha. Hapa ajali ya gari haina maswali.

Si gari. Ni risasi. Ilipita kwanza kwenye shingo ya mdogo wangu, tumetoka tumbo moja, ndo ikaja kuniingia mie. Yeye alikufa pale pale juu ya mkeka. Mie wakanichukua, nikapona, kama huku ni kupona.

Majina sitaji. Lakini waliofanya nitawasema kwa ujamaa wao, na kila wa ukoo wetu atakayeisoma hii atajijua.

Wa kwanza ni ami yangu, kaka mkubwa wa baba. Mwanawe wa kiume alipata mchumba kwa watu wa milimani, Waarabu khasa, wa bunduki na jambia. Kwetu ilikuwa heshima kubwa. Sisi tuliotoka Unguja tumeitwa majina mengi katika mji huu. Mie nilikuja mdogo, nikatiwa skuli, Kiarabu changu kilikuwa cha kusomea msahafu tu. Nikifungua mdomo darasa zima linacheka. Sikukaa sana, nikatoka, nikajifunza gari. Kwa hiyo naijua njaa aliyokuwa nayo ami yangu siku ile, njaa ya kutazamwa na wale watu ukahesabiwa mwenzao. Naijua, lakini simtetei.

Harusi ilikuwa kwao, baada ya sala ya alasiri. Wanaume wao wakapanga mistari miwili, wakacheza na panga, wakapiga bunduki juu. Ndiyo mila yao, na wamezaliwa nayo. Sisi tulikaa mikekani na kahawa zetu, kanzu zimepigwa pasi, tunatabasamu. Ndipo kijana mmoja wa upande wa bibi harusi, na huyu ndiye wa pili katika wakosa, akamjia ami na bunduki mkononi.

"Haya, baba wa bwana harusi! Au kwenu Zanzibar mwashika mwiko wa pilau tu?"

Watu wakacheka. Ami naye akacheka, akainuka, akaipokea. Hajapata kushika bunduki maisha yake. Aliikumbatia kama mchi. Mie nikageuka kuwatazama wacheza panga, kwa sababu niliona haya kumtazama yeye. Nikasikia mlio, na mdogo wangu akanilalia. Nikadhani anacheka.

Nilipozinduka hospitali, maneno yalikuwa yamekwisha tengenezwa. Bunduki imejifyatua yenyewe. Ami hakugusa kitu, alikuwa anaigeuza tu. Wazee wetu wote walisema mamoja, na wale wa milimani wakasema mamoja. Baba yangu akasimama msibani mbele ya watu akasema amesamehe, ni kadari ya Mwenyezi Mungu. Watu wakalia kwa imani yake. Mama hakusema neno, si siku ile wala mpaka alipokufa.

Basi nikaishi na bunduki iliyojifyatua. Miaka mingi. Kila sikukuu watoto wakipasua fataki, mie hujifungia chooni nikafungulia maji yote. Siku moja fataki ilinikuta uani, jirani yangu akaniona nimechutama nyuma ya tangi la maji. Jirani huyu ni askari mstaafu, na yeye ni mtu wa kwetu, mama yake wa Mkunazini. Mtu mwengine angecheka. Yeye alinipa mkono akaninyanyua.

"Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka," akasema. "Njoo Ijumaa nikuoneshe nyoka mwenyewe. Ukimjua meno yake yako wapi, utalala."

Mke wangu alidhani nimeingia wazimu. "Watu wa umri wako wanakwenda ufukweni kutembea kwa sababu ya sukari. Weye unakwenda kupiga bunduki?"

Uwanja wa shabaha uko nje ya mji, bonde kavu lenye mlima nyuma yake. Tunatoka baada ya sala ya alfajiri ili tuwahi kabla jua halijawa kali. Huko wako watu wa kila namna, wazee wa milimani na bunduki zao za kale, vijana wa Madinat Sultan Qaboos, mtaa wa matajiri, na bunduki zenye darubini ambazo wanazipangusa kuliko wanavyozipiga. Nilipofika mara ya kwanza nilisikia mlio mmoja tu nikarudi garini. Nikakaa humo na vioo juu. Jirani hakunifuata. Alipiga zake, akamaliza, akaja akaendesha kunirudisha nyumbani. Ijumaa ya pili nikashuka.

Hakunipa risasi. Mara nyingi nilikwenda pale na sikupewa risasi hata moja. Alinilaza kifudifudi juu ya mkeka, bunduki tupu mbele yangu, kitako kwenye bega la kushoto kwa kuwa la kulia halifai, na jicho la kushoto ambalo halijazoea kazi. "Vuta komeo. Tazama ndani. Tia kidole chako ndani, hakikisha ni tupu. Sasa funga. Kidole cha kufyatulia kiweke nje, kinyooshe, kilale ubavuni. Akili yako ikikiita ndo kiingie, si kabla."

"Mpaka lini?"

"Mpaka kidole kijue adabu. Watoto wa watu wamekufa kwa vidole visivyo na adabu."

Alisema vile kwa kawaida yake, hakuwa anajua habari yangu. Ndipo nikamweleza, pale pale kifudifudi, mdomo wangu uko karibu na vumbi. Nikamuuliza lile nililobeba miaka yote: bunduki yaweza kujifyatua?

Akalivuta komeo, akatazama ndani. Kisha akasema, "Mbovu, ikianguka juu ya jiwe, pengine. Mkononi mwa mtu? Mtu ametia risasi, mwengine amefunga komeo, kizuizi kimeondolewa. Bado inataka kidole. Haina hasira, haina shetani. Ni chuma."

Nilirudi nyumbani nimefurahi. Wallahi nilifurahi, na ilikuwa furaha mbaya. Nilikuwa na yakini. Niliona nimemkamata ami yangu mkono.

Halafu nikapewa risasi. Shabaha ilikuwa sahani ya chuma iliyopakwa chokaa, mbali, kwa jicho tupu ni nukta tu. Katika darubini niliona mazigazi yanapita mbele yake kama maji, yanaelekea kulia. "Ule ndo upepo unaouona," jirani akasema. "Lenga kushoto kidogo. Pumua. Toa pumzi nusu, uache. Bonyeza pole pole, usingoje ilie." Nikabonyeza. Nilikuwa bado sijaamua, najua kabisa kwamba nilikuwa bado sijaamua, na bunduki ikalia. Bega likasukumwa, vumbi likaruka mlimani, juu ya sahani na mbali nayo.

Nikamwambia, "Imetoka yenyewe."

Akacheka. "Ndivyo itakiwavyo. Risasi nzuri ni ile inayokushtua mwenyewe. Ukiijua saa itakayotoka, utatikisika."

Yeye alicheka na mie nilibaki nimelala. Kwa sababu kama mie, niliyefundishwa, kidole kimenipita, je yule mzee aliyeikumbatia kama mchi? Pengine alisema kweli. Pengine mie ndiye niliyekuwa namchukia mtu bure. Sikulitaka jambo hilo. Lakini niliendelea kwenda. Siwezi kusema kwa nini, isipokuwa kwamba pale chini, katika ile nusu ya pumzi, hakuna anayenicheka na hakuna aliyekufa. Fataki za sikukuu iliyofuata nilizisikia nimekaa sebuleni. Nilitetemeka, lakini nilikaa.

Mwaka huu ami yangu jina lake lilitoka katika orodha ya wanaokwenda kuhiji. Amekuwa mzee sana, anatembea kwa mkongojo. Na mila yetu ni moja, mtu hasafiri kwenda kuhiji na haki za watu mgongoni. Anazunguka nyumba kwa nyumba, kwa jamaa na majirani, kuomba radhi. Watu hujibu mara moja, nimekusamehe dunia na akhera, wakampa na salamu za kumpelekea Mtume. Wengi hawajui hata wanasamehe nini. Ni mila tu.

Kwangu alichelewa kuja. Mke wangu ndiye aliyeletewa habari na wenzake wa simu, maana jamaa zetu wa kike habari hazilali kwao. "Anakuja baada ya magharibi. Tafadhali, bwana. Mtu anakwenda kwa Mungu. Usije ukamwambia neno."

"Neno gani?"

"Lile unalolala nalo."

Alikuja peke yake. Mwanawe alimshusha mlangoni akabaki garini, naye ndiye yule bwana harusi, hajapata kuingia nyumbani kwangu. Mke wangu akaleta halua na kahawa, akatuacha. Ami hakugusa halua.

"Mwanangu, nasafiri. Kama nimekukosea, nisamehe."

"Kama?"

Akatazama mkono wake. "Unalijua neno lenyewe."

"Nalijua nililoambiwa. Nambie weye. Ilijifyatua?"

Nilikuwa nimekwisha jiandaa, nitake nisitake, kusamehe. Angesema "ilijifyatua", au angesema "sijui, mwanangu, nilishtukia imelia", ningempa radhi yake yote, kwa sababu mimi mwenyewe imenitokea. Nilikuwa namngojea aseme hivyo. Nilitaka aseme hivyo.

"Nilivuta," akasema.

Nje gari la mwanawe lilikuwa linanguruma, kiyoyozi kimewashwa.

"Wakanicheka, na mie nikasema nitawaonesha. Nilitaka kuinua juu kama wao. Nikavuta kabla mtutu haujapanda. Nilikuwa na haraka. Watu wote walikuwa wananitazama." Akapangusa mdomo. "Nilitaka kusema siku ile ile. Nilimwambia baba yako, mdogo wangu, kabla maiti hajakoshwa. Nikamwambia nilivuta. Akanambia, usilitamke tena hilo. Sema imejifyatua. Wale watu wakijua hujui hata kushika, tutakuwa kichekesho mpaka kiyama, na harusi itavunjika. Akasema, mtoto keshakufa, aibu isiwe mbili."

Basi huyo ndiye wa tatu, na nimemwandika mwisho kwa kuwa nimemjua mwisho. Baba yangu. Aliyesimama msibani watu wakalia kwa imani yake. Alijua. Aliuza damu ya mwanawe ili tusichekwe na watu wa milimani, ambao bado wanatucheka. Na mama akanyamaza. Sasa siwezi hata kumuuliza mama kama na yeye alijua, na hili ndilo linaloniuma kuliko bega.

"Kwa nini hukunambia baada ya baba kufa?"

"Nilizoea, mwanangu. Uongo ukizoeleka unakuwa kama kweli. Kuna siku nilikuwa naamini mwenyewe."

Nikamwambia, "Kwa kidole, nimekusamehe. Umetaniwa, umeona haya, umevuta. Dunia na akhera. Lakini kwa kuniacha miaka yote hii nipigane na chuma, nikifikiri hakuna mtu aliyevuta, sina cha kukupa. Kamuombe Mungu huko huko uendako."

"Nusu haitoshi kusafiria."

"Ndo iliyopo."

Akainuka. Nilimsaidia kuinuka, mkono wangu wa kushoto chini ya kwapa lake. Ni mwepesi, mifupa mitupu. Mlangoni akasema, "Ukiipata ile nyingine, nipigie simu. Huko wana simu." Sijui kama ni mzaha.

Siku ya safari mwanawe alikuwa na homa, wakanipigia mie, maana mie ndiye dereva wa ukoo. Nikaenda. Barabara nzima yeye anavuta tasbihi, mie natazama taa. Uwanja wa ndege ulijaa mahujaji na jamaa zao, watu wanakumbatiana, wanalia, wanaombana radhi kwa sauti. Nikatafuta kigari, nikapakia begi lake kwa mkono mmoja, nikalifunga na mfuko wake wa dawa juu yake. Akasimama mbele yangu, hajaingia. Watu wanapita kando yake. Alikuwa ananitazama mdomoni.

Nikamwekea mkongojo sawa mkononi, nikamwambia mlango ni ule pale, wa kushoto.

Akasubiri kidogo tena, kisha akaenda.

Aliporudi salama nilikwenda kumpokea pamoja na wengine, nikanywa zamzam yake. Ile nusu nyingine sijaipata. Sikuitupa, ninaitafuta, lakini si yeye peke yake aliyeniibia, na huyo mwenzake, baba, yuko kaburini, siwezi kumwendea nikamuuliza. Ijumaa nakwenda uwanjani. Jirani anasema kidole changu sasa kina adabu kuliko cha vijana wake wote.