Uzi wa Kahawia

Fundi cherehani wa kona ile alikuwa na kijicho, tusimfichie. Tena hakikuwa cha mali wala cha mume. Kilikuwa cha jina.

Siku alipokabidhiwa kitambaa chake cha kwanza, akiwa bado anajifunza ushonaji, kitambaa cha rangi ya anga isiyo na wingu, aliapa kwamba akijaliwa binti atamwita Samawati. Hakuwahi kusikia mtu anaitwa hivyo. Aliambiwa neno lenyewe limetoka kwa Waarabu na maana yake ni mbingu, akazidi kulipenda, akalifungia moyoni. Siku moja tu ulimi ulimponyoka, akimpima wifi yake gauni la ujauzito.

"Jina zuri hilo, wifi," mke wa kaka yake akasema. Mtoto alipozaliwa, kaka mtu akaja mbio na furaha yake: binti, anaitwa Samawati.

Jamani! Fundi alitabasamu kwa meno tu. Alikwenda, akampakata mtoto, akarudi kwake akalia mpaka macho yakavimba. Yeye hakujaliwa, si wa kike si wa kiume.

Haikutosha, jina likashika mtaa! Mtoto alikuwa mzuri na mchangamfu, na kila mjamzito alitaka wa kwake awe vile. Muuza mkaa akazaa Samawati. Mwenye duka la simu naye, Samawati. Kinyozi alipopata wa kiume, mkewe alinuna. Fundi hakuwahi kumsikia wifi akiulizwa jina kalitoa wapi, lakini aliapa kwamba anajibu, "Kichwani mwangu."

Ikafika zamu ya kutarizi majina kwenye masweta ya chekechea, na kazi hiyo ni yake. Akina Samawati wote aliwawekea uzi wa bluu, roho ikimuuma kila herufi. Alipofikia sweta la mtoto wa kaka yake, mkono ukasita. Akachomoa uzi wa kahawia.

"Samawati ya matope," akasonya. "Mlivae!"

Akakaa mkao wa ugomvi, akimsubiri wifi. Wifi hakuja. Alikuja mtoto mwenyewe, kavaa sweta lake.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Mama yako kakutuma unigombeze?"

"Hapana. Mwalimu kasema tuulize maana ya majina yetu. Mama kasema nije kwako, eti jina ni lako, yeye alilichukua bila kuomba. Watu wote huwaambia hivyo. Ni wewe tu anayekuonea haya."

Kijicho cha miaka yote kile, na mwenzake alikuwa akimtaja kwa watu! Aibu ikampanda fundi mpaka masikioni.

"Vua sweta, mwanangu. Nikufumulie hilo, nikutilie la bluu."

Mtoto akajikumbatia kifua. "Usifumue! Masweta ya wenzangu yanachanganyika, wanayagombania kila siku. Langu halipotei. Nimewaambia shangazi kaniwekea rangi yangu peke yangu, kwa sababu ananipenda kuliko wote."

Fundi akainama, akaanza kutafuta sindano ambayo haikuwa imepotea.

"Haya, maana yake nini?" mtoto akamkumbusha.

"Ni rangi ya mbinguni," fundi akasema.

Mtoto akaitazama ile kahawia kifuani mwake, akaigusa kwa kidole.

"Hii?"