Bega la Kidawa

Kidawa ni kiguu na njia, na hilo halihitaji shahidi. Muulize mpangaji wa chini yao pale mtaani Berea, ambaye amekwisha kupanda ngazi kuja kuomba, kwanza kwa adabu na baadaye bila adabu, kwamba mama wa juu apunguze kutembea. Akikaa kitini anainuka. Akiinuka anasahau alichoinukia, basi anafuta meza ambayo imekwisha kufutwa. Chai yake huipoza kwa kuiacha, akaipasha moto, akaiacha tena. Mumewe Sultan, muuza vipuri vya magari kule Greyville, humwambia anahangaika kama kuku anayetafuta pa kutagia, naye hucheka, halafu huyo, keshatoka mlangoni.

Kazi yake ni bandarini, katika ofisi ya wakala wa meli, kufuatilia makontena ya watu. Kazi hiyo inampenda maana anayapigia simu makontena kabla hayajafika na madereva kabla hawajaamka. Lakini mtu hawezi kuishi roho juu siku zote. Kidawa mwenyewe alijua kuna kitu ndani yake kinachomsukuma mgongoni, ila hakukijua jina.

Mwaka jana ofisi ilialikwa na mteja mmoja kwenda kulenga visahani vya udongo. Ni mchezo ambao mashine hurusha kisahani angani mbele yako, nawe unakivunja kwa bunduki ya marisau kabla hakijaenda zake. Doris wa mapokezi aliumwa, Kidawa akasukumwa kujaza nafasi. Wenzake walipaza sauti kuamuru kisahani kirushwe, kila mmoja kwa mbwembwe zake. Yeye alisema tu, "Haya." Kisahani kilipasuka kikawa vumbi. Kidawa akabaki amesimama pale pale, na kwa muda mfupi ambao hakuwahi kuupata popote, si kwenye mswala, si kitandani, hakutaka kwenda mahali pengine.

Tangu hapo akaambukizika. Alijiunga na klabu, akasomea masharti ya kumiliki silaha, akafaulu. Tatizo likawa moja: ule utulivu haukurudi vizuri. Kisahani kimoja anakivunja, viwili vinavyofuata hajui vimepitia wapi. Alikuwa akilengea bunduki za kuazima, na kila mtu klabuni alimwambia anahitaji ya kwake, inayolingana na mwili wake. Sultan akakubali, ila kwa neno la mwisho. Wachague Jumamosi inayokuja, na ikiwa bado atakosakosa, basi mchezo huu uishe, arudi nyumbani atulie kama watu wengine. Kidawa hakulala vizuri wiki ile. Kutulia nyumbani ndiko alikokuwa ameshindwa maisha yake yote.

Wakaenda watatu kwenye gari la Sultan, yeye, mumewe na mama yake mzazi, Bi Kulthumu, aliyekuja kutoka Tanga kuwatembelea. Bi Kulthumu hakuelewa mwanamke anataka bunduki ya nini, lakini kubaki peke yake kwenye fleti hakutaka vilevile. Kila robot, maana ndivyo taa za barabarani zinavyoitwa huku, iliyowaka nyekundu Kidawa aliguna, na walipoingia kwenye barabara ya mashamba ya miwa alikuwa amekwisha kufungua mkanda kabla gari halijasimama.

Duka la bunduki lilikuwa hapo hapo kwenye uwanja wa klabu, na mwenye kuliangalia alikuwa Athanase, Mkongo wa Bukavu mwenye umri wa kutosha na subira zaidi ya umri. Ndiye pia aliyemfundisha Kidawa. Aliwakumbusha utaratibu wa hapa: bunduki utakayochagua ndiyo itakayoombewa kibali, kwa namba yake, nayo itabaki dukani mpaka kibali kitoke. Hiyo ni miezi. Ukichagua vibaya, utangoja miezi kwa ajili ya kosa.

Sultan hakungoja. Alikwenda moja kwa moja kwenye bunduki nyembamba, nyepesi, iliyochorwa maua pembeni, akasema hii ndiyo ya mwanamke. Athanase akatikisa kichwa.

"Papa, ile iko mwepesi sana," alisema. "Bunduki ikikosa uzito, teke yote inaingia mu bega. Watu wanauziaka wanawake ile, kisha wanashangaa mwanamke ameacha mchezo."

Sultan hakusadiki. Ndugu zangu, mwanamume akishachagua kitu chenye maua kwa mkewe, kumtoa hapo ni kazi. Basi wakatoka kwenda uwanjani kuijaribu. Kidawa aliiweka bega la kulia, akafumba jicho la kushoto kwa nguvu mpaka shavu likajikunja, akasema, "Haya." Kisahani kikapita salama salimini. Cha pili hivyo hivyo. Cha tatu akakikata ukingo, na bunduki ikamtandika bega mpaka machozi yakamlenga. Bi Kulthumu, aliyekuwa amewekewa kiti nyuma na kuzibwa masikio, akanong'ona istighfari.

Athanase akaleta nyingine, nzito kidogo, ndefu kidogo. Bega lilishukuru, lakini visahani vikaendelea kupita. Kidawa akaanza kutembea. Akaenda hadi kwenye uzio, akarudi. Akauliza saa. Akasema labda mitutu ni mirefu mno, labda ni upepo, labda Sultan ana haki na waende tu. Alikuwa anaona kabisa mlango wake mmoja wa kupumulia ukifungwa mbele ya macho yake.

 Athanase akamwambia aweke bunduki chini.

"Nyosha mikono mbele, ukutanishe viganja, uache kadirisha kadogo katikati. Macho yote wazi. Angalia ile nguzo kupitia kadirisha. Sasa leta mikono ku uso, polepole, usiache kuangalia nguzo."

Kidawa akaivuta mikono. Ikaja yenyewe, ikatua kwenye jicho la kushoto.

Athanase akashika kichwa. Alijilaumu waziwazi. Siku ya kwanza alimuuliza anaandika kwa mkono gani, akajibiwa wa kulia, akaridhika. Na kwa kuwa mwanafunzi alikuwa akilifumba lile jicho, hakuna aliyegundua. Kisahani kikirushwa ghafla jicho linafumbuka, linachukua kazi yake, na risasi zinakwenda kushoto.

"Jicho yako ya kushoto njo inatawala, haiko ya kulia," alisema. "Na mi naona hata mkono. We ulizaliwa wa kushoto, Maman Kidawa. Nani alikuhamisha?"

Mhamishaji alikuwa amekaa kitini. Bi Kulthumu alimfunga binti yake mkono wa kushoto kwa kipande cha kanga kila wakati wa kula, mpaka mkono ukasahau. Wanawake wa mtaani walimsifu. Samaki mkunje angali mbichi, walisema, na samaki akakunjika.

Athanase akatoka dukani na bunduki ya tatu, iliyotengenezwa kwa watu wa kushoto, kitako chake kimepinda kidogo kuelekea upande huo. Kidawa akaipokea. Akaiinua, na ikapanda moja kwa moja hadi bega la kushoto, shavu likalala juu yake bila kutafuta.

"Kulia, Kidawa," mama yake alisema.

Hakupaza sauti. Hakuwahi kuhitaji kupaza. Na mikono ya mwanamke mzima, mke wa mtu, anayegombana na manahodha kwenye simu, ikaihamisha bunduki kulia yenyewe, kabla hajafikiri.

Kidawa akaitazama mikono yake. Hasira ikampanda, hasira ambayo ilikuwa ikitembea naye miaka yote ghorofa ya juu, juu chini, juu chini. Akaifungua bunduki kwa usalama, akamkabidhi Athanase, akamgeukia mama yake.

"Mama, tangu uliponifunga sijawahi kukaa. Kila ninachoshika naona kama nimeshikishwa. Nimechoka."

Sultan akatazama viatu. Bi Kulthumu akatengeneza mtandio ambao haukuharibika.

"Nilitaka usije ukachekwa kwenye sinia la watu," alisema mwisho. "Na wali ni wa kulia, Kidawa. Nitasema hivyo mpaka nife."

"Najua, mama."

"Lakini bunduki si wali."

Akainuka. Akavua kanga aliyojitanda mabegani, akaikunja mara mbili, mara nne, akaenda kwa binti yake na kuiingiza chini ya kizibao, kwenye bega la kushoto. Akaipigapiga ikae sawa. Kisha akarudi kitini, akaziba masikio.

Kidawa akaipokea tena bunduki, akaiinua. Safari hii hakufumba jicho lolote. Kisahani cha kwanza akakikosa, maana mkono uliolala muda mrefu hauamki kwa siku moja. Akashusha pumzi. Akasema, "Haya," taratibu, na cha pili kikawa vumbi jekundu juu ya miwa.

Alimwambia Athanase ni hii, aandike namba yake. Sultan akaitikia kwa kichwa, akaangalia saa, akasema waondoke, baadaye robot za mjini zitawaweka. Bi Kulthumu naye alikuwa na njaa. Kidawa alikuwa amesimama pale pale, bunduki wazi mkononi, anatazama mahali kisahani kilipopasukia.

"Mna haraka gani?" aliuliza.