Paa Tulilopewa Bure

Harufu yenyewe si kali. Ni ya simenti kavu iliyomwagiwa maji, karibu sawa na barabara ya vumbi pale tone la kwanza la mvua linapoanguka, ila ndani yake mna kitu cha chumba kilichofungwa miaka mingi. Niliinusa mwezi uliopita hapa Molenbeek, Brussels, nikimpeleka binti yangu crèche, kule wanakolelewa watoto wadogo. Wanaume wawili waliovaa nguo nyeupe za plastiki toka utosini hadi miguuni, na barakoa zenye pua mbili, walikuwa wanashusha paa la gereji. Mmoja alikuwa anamwagia mabamba maji polepole, kama anayeosha maiti. Njia ilizungushiwa utepe, na juu ya utepe neno moja limerudiwa mpaka mwisho: amiante. Kiswahili cha redio kinasema asbesto.

Nilimziba mtoto pua na mdomo kwa kiganja, nikavuka barabara bila kutazama. Dereva mmoja akanitukana. Mtoto akalia, akidhani namwadhibu.

Niwaambie mapema, ili msinitafutie utamu ambao sina: nina hasira. Watu husimulia utoto wao kama wanalamba asali. Mimi nami nilikuwa na utoto mzuri, sikatai. Lakini papa yangu anakufa kwa sababu ya Jumamosi moja ya utoto huo, Jumamosi niliyocheka kuliko zote.

Tulikuwa tunapanga nyumba Berchem, yenye kibustani nyuma. Kwenye ukuta wa jikoni, upande wa nje, kuliegemea kibanda: kuta tatu za mbao, ukuta wa nne ni wa nyumba, na paa linaloteremka kuelekea kwa jirani. Humo papa alitengeneza cherehani. Mafundi nguo wa barabara ya Chaussée de Wavre, wale wanaoshona vitenge vya harusi, walimletea mashine ambazo wengine walishazihukumu kufa. Aliweka mkono kwenye gurudumu, akafumba macho, akalizungusha taratibu na kichwa kimeinama, kama anasikiliza siri. Kisha anasema: "Njino moja imekufa," au "Hapa banatia mafuta ya kupikia, bajinga hawa." Hakukosea. Mimi niliruhusiwa kukaa kwenye kigoda na kushika kopo la skrubu, kwa sharti moja: kimya. Papa alifanya kazi kwa sikio.

Paa la kibanda lilikuwa la mbao na karatasi ya lami. Mwaka ule upepo uliling'oa nusu, mvua ikaingia, cherehani ya mama mmoja ikaota kutu kabla hajaja kuichukua. Mwenye nyumba akasema: paa jipya kabla ya baridi, la sivyo kibanda kinabomolewa. Kwetu hilo lilikuwa na maana moja tu. Bila kibanda papa alikuwa anarudi kusafisha maofisi, kazi iliyomfanya asiongee na mtu nyumbani kwa miaka miwili. Niliikumbuka miaka ile. Sikutaka irudi.

Basi tukaenda yeye na mimi duka kubwa la vifaa vya ujenzi kuchagua. Nilikuwa na miaka tisa na nilikuwa mdomo wake. Papa aliacha shule mapema. Kifaransa chake kilimtosha sokoni, lakini mbele ya mtu mwenye beji shingoni kilimkimbia. Mimi ndiye niliyesema komini, yaani ofisi ya mji, benki, kwa daktari. Na nilikuwa na ufundi wangu, ambao hakuna aliyenifundisha: maneno yalipokuwa makali, niliyakata ncha. Kila mtoto wa wakimbizi anaujua ufundi huo.

Papa hakutazama bei wala rangi. Aligonga kila kitu kwa kifundo cha kidole. Plastiki ya kupitisha mwanga: akakunja uso. Karatasi ya lami: "Hapana, ile tumeshaiona." Alipofika kwenye mabati, manjanja kama tunavyosema Goma, alitoa skrubu mfukoni, kiganja kizima, akazimwaga juu ya bati la maonyesho. Kra-kra-kra-kra! Duka lote liligeuka. Muuzaji akaja mbio.

"Mwambie niko nasikiliza mvua," papa akaniambia.

Nikamwambia muuzaji: "Papa yangu anauliza kama ni imara."

Muuzaji akasema hapa si sokoni Afrika, tuokote vitu vyetu.

"Anasema nini?"

"Anasema karibu sana, tuchukue muda wetu."

Papa akamshukuru, akampa mkono. Yule mtu akaushika, amechanganyikiwa kabisa. Njiani ndani ya tram nilicheka peke yangu.

Ndani ya tram ile ndipo papa aliponieleza kwa nini manjanja hapana. Kwanza kelele: mvua ya Brussels hainyeshi, inakaa, na chini ya bati angesikia mvua tu, cherehani asisikie. Pili, hakuliamini bati. Goma moshi wa mlima wetu wa moto unashuka pamoja na mvua na kula manjanja. Miaka michache tu, unalala kitandani unahesabu nyota. "Lakini toiture ya mission," akasema, yaani paa la misheni, na sauti yake ikabadilika. "Ile ya kijivu, nzito, ilijengwa na babelgiji. Batata yetu, bazee betu, balizikwa, iko pale pale. Moshi haiikulake. Mvua inanyesha, mapadri banaongea tu polepole ndani." Papa mtoto, akidondokewa na maji kwenye nyumba ya mbao, alilitazama paa lile akasema siku moja. Kwake hilo ndilo lilikuwa paa. Mengine yote yalikuwa vifuniko.

Sasa mniambie nyinyi: mtu mwenye ndoto ya namna hiyo, anaishi Ubelgiji, na jirani yake anaitwa Monsieur Roger.

Monsieur Roger alikuwa mzee mstaafu wa upande wa pili wa ukuta. Kila mwaka alitupatia ndoo ya plamu, matunda ya mti wake. Alimwona papa akipima kibanda kwa kamba, akatuita. Anabomoa gereji yake, akasema. Mabamba yake ni mazima, ya mawimbi, ya kijivu, hayaozi. Tuyachukue yote, bure.

Papa akavuka kwenda kuyaona. Akagonga. Sauti ikafa palepale, *tu*, kama unagonga jiwe. Aligeuka kunitazama na uso ambao sijauona tena. "Ile ya mission!" Akamshika Monsieur Roger mikono miwili, akasema kwa Kiswahili, kwa furaha, "Mgeni njoo, mwenyeji apone!" na kucheka.

Methali hiyo siwezi kuisikia leo bila kutaka kuvunja kitu. Wageni tulikuwa sisi. Na mwenyeji kweli alipona: mzigo ambao sheria ilimtaka auvishe plastiki na kuupeleka mahali pake uliondoka mikononi mwake, ukapita juu ya ukuta kuingia kwetu, na bado akapewa asante na sahani ya sambusa.

Jumamosi yenyewe ilikuwa ya mwezi wa nane, joto, hakuna upepo. Tonton Déo, rafiki wa papa tangu Goma, alikuja na mashine ya kukatia aliyoazima kazini kwao. Mabamba yalikuwa marefu kuliko kibanda, lazima yakatwe. Upande wa pili Monsieur Roger akatokea. Alikuwa amevaa vazi jeupe la plastiki lenye kofia, glavu, barakoa yenye pua mbili. Tulisikia tu pumzi yake, *khhh, khhh*. Akamwagia kila bamba maji kwa mpira, akalishusha kwa upole, akalipitisha juu ya ukuta. Upande wetu papa na Tonton Déo walilipokea kwa mikono mitupu, mashati wazi, wakicheka.

"Anaenda ku mwezi?" Tonton Déo akauliza.

Maman akarudi kutoka kazini. Anahudumia wazee mpaka leo, na jicho lake haliachi kitu. Akasimama mlangoni na begi begani.

"Juu ya nini ye anavaa vile, na nyinyi munavaa chemise?"

"Bazungu banaogopaka vumbi," papa akasema. "Hata maua ikitoa unga banameza dawa."

"Mimi sicheki. Ulimuulizako?"

"Maman Chantal, muntu anakupa kitu bure, unamuulizako maswali?"

"Alors, mutoto aulize. Mutoto hana haya." Akanigeukia. "Enda. Sema muzuri."

Nikazunguka hadi mlangoni kwake. Monsieur Roger alishusha barakoa mpaka kidevuni. Uso ulikuwa mwekundu, una alama za mpira kwenye mashavu. Nikamwuliza kwa heshima kwa nini amevaa hivyo. Alitazama ukuta, upande wa kicheko cha papa, kwa muda. Halafu akainama akanijibu taratibu. Alisema ni kwa ajili ya vumbi, mapafu yake ni ya kizee.  Kisha: "Na mwambie baba yako, ni vizuri asiyakate wala asiyakwangue. Utamwambia, eh?" Nikasema ndiyo. Akanipa plamu mbili za kwanza, bado chachu, akapandisha barakoa.

Neno amiante hakulitaja. Nina hakika, nimerudia siku ile kichwani mara zisizohesabika.

Nilirudi mikono imejaa plamu. Tonton Déo alikuwa ameshawasha mashine, papa ameshapiga mstari kwa chaki. Wote watatu walinitazama. Na hapa mnisikilize vizuri, ninyi mliokulia nyumba kama yetu, kwa sababu wengine hawataelewa. Mtoto hamwambii papa yake *usikate*. Hamwambii mbele ya rafiki yake, siku anayopata paa la ndoto yake, kwa kinywa cha mzungu. Hilo si ujumbe, ni amri, na amri haipandi kutoka kwa mtoto kwenda kwa mzazi. Nikafanya kama dukani. Nikakata ncha.

"Anasema mapafu yake iko ya kizee."

"Unaona?" papa akamwambia maman. Maman akaingia ndani.

Wakakata mpaka jioni. Vumbi lilipanda jeupe, laini, likaelea bila haraka, likatua kwenye majani, kwenye kamba ya nguo, kwenye kope za papa. Nilicheza ndani yake. Nilinyoosha ulimi kama tunavyofanya theluji ikianguka. Kisha papa akanipa brashi ya waya niondoe ukungu kwenye mabamba, nikakwangua kwa nguvu zangu zote, ili aone nafaa. Nywele zangu ziliota mvi. Nikakunja mgongo, nikatembea na fimbo.

"Tazama, mutoto amekuwa koko, muzee kabisa!" Tonton Déo akapiga kelele, na papa akacheka mpaka akakaa chini, akikohoa kidogo, akijifuta machozi yaliyochora mistari miwili mieusi usoni.

Alifanya kazi chini ya paa lile miaka kumi na mitatu. Aliyatoboa mabamba akitaka kuning'iniza taa, akayakwangua kila masika. Mvua haikusikika. Monsieur Roger alikufa mzee sana, kitandani kwake. Mwanawe akauza nyumba. Sina mlango wa kugonga. Niligonga ule wetu wa zamani, mwaka huu, nikamweleza mama kijana aliyefungua, mpangaji kama sisi, kila kitu nikiwa nimesimama kizingitini. Alifikiri mimi ni mwendawazimu mpaka nilipotaja kwamba nina mtoto pia.

Mimi wamenipiga picha ya mapafu. Hakuna kitu, wanasema. Kwa sasa.

Papa walimpima hospitalini majira ya baridi yaliyopita. Daktari alikuwa kijana, mpole, akaongea na mimi na si na yeye, kama wanavyofanya wote. Aliuliza kama papa amewahi kukata au kutoboa kitu cha namna hii, akageuza skrini. Bamba la kijivu, la mawimbi. Papa akalitambua, akatabasamu kwa fahari. "Aa! Ile ya mission!"

Daktari akaniangalia. Akaeleza: saratani ya utando unaozunguka pafu, vumbi linalokaa kimya miaka ishirini, hakuna dawa ya kuling'oa. Akataja miezi. Hakutaja miaka.

"Anasema nini?" papa akauliza.

Nilikuwa na sentensi iliyokatwa ncha tayari mdomoni. Ilikuja yenyewe, kama mate. Nikaimeza. Nikamwambia yote, kama alivyosema daktari, pamoja na miezi. Na kwa kuwa nilikuwa nimeshaanza, sikusimama, nikamwambia na ile ya pili, niliyobeba kutoka kwa Monsieur Roger siku ya plamu na ambayo sikuifikisha. Asiyakate. Asiyakwangue. Nikamwambia sasa ninaelewa kwa nini mzee yule mwenye Kifaransa chote cha dunia hakuvuka ukuta kusema mwenyewe: alimchagua mtoto ili aseme amesema, bila kusikika. Lakini alisema, papa. Na mimi nilisikia.

Papa akaligeukia tena lile bamba kwenye skrini. Daktari akajifanya anaandika.

"Ulikuwa na myaka ngapi?" papa akaniuliza.

"Neuf."

"Neuf," akarudia. Akaniwekea mkono juu ya goti, mkono ule wa gurudumu. "Hata ungesema, ningekata tu. Ile toiture niliitaka sana."

Nimeyageuza maneno hayo usiku na mchana, nikimwogesha mtoto, nikipanga foleni ya mkate. Mpaka leo sijui kama papa alinieleza ukweli, au kama naye, kwa ajili yangu, alikata ncha.